Kindi, Fisi na Nakala ya Ijumaa

Nije?

— Njoo!

Nije na nini?

— Njoo na ya zamani!

Na kama hiyo ya zamani ina kompyuta ndani yake?

— Njoo nayo hivyo hivyo!

Haya, kaeni vizuri. Aliye na kicheko akiweke karibu, lakini asikitumie chote, maana hii si ya kuchekea mwanzo mpaka mwisho.

Wanyama walikuwa na kisima kimoja. Kisima kilikuwa na pampu, pampu ilikula jua, na haikusogea hata kidogo mpaka iambiwe na kompyuta. Kompyuta ilikaa ndani ya kibanda cha udongo, na mwenye kuitunza alikuwa Kindi, mdogo wa mwili, mkubwa wa mkia.

Ilipoletwa, kompyuta ile iliijua pampu lakini haikuwajua wanyama. Kindi akaifundisha. Akaifundisha mwezi, akaifundisha mwaka, akaifundisha miaka saba. Akaiambia kwamba Tembo anakunywa madebe kumi na hapendi kuharakishwa. Akaiambia kwamba mama anayenyonyesha aongezewe kibuyu. Akaiambia kwamba watoto wa Kanga huja wote kwa mpigo, basi maji yatoke polepole yasije yakawachukua. Na kila zamu ilipofika, spika iliita kwa sauti ya Kindi mwenyewe:

“Tembo, madebe kumi!” Chwaa! Tembo akanywa, akaondoka.

“Fisi, ndoo moja!” Chwaa! Fisi akanywa, akanuna, akaondoka.

“Mashavu wa Mama Digidigi, kibuyu kimoja!” Chwaa! Na Mashavu, ambaye hata pembe hakuwa ameota, alikuja mbio akiruka, kwa sababu alipenda kusikia jina lake likiitwa mbele ya watu wazima.

Kila Ijumaa, kazi ikiisha, Kindi alichomeka flashi tatu, akachukua nakala ya kila kitu: majina, zamu, vipimo, sauti, hata mpangilio wa vitufe alioubadilisha ili vidole vyake vifike. Akazifungua moja moja kuona kama zinasomeka. Kisha akafanya kama wafanyavyo kindi wote, akaenda kuzificha. Moja aliifukia chini ya mgunga. Moja aliifukia mahali pengine. Ya tatu alimpa Kobe aiweke ndani ya gamba.

“Bi Kindi,” wenzake walimtania, “kwani kompyuta ina miguu? Itakwenda wapi?”

“Haina miguu,” alijibu. “Wenye miguu ndio ninaowaogopa.”

Ukaja mwaka wa ukame. Mto ukakauka, madimbwi yakakauka, kikabaki kisima. Fisi akaitazama ndoo yake. “Mimi, na meno yote haya, ndoo moja?” Jumamosi asubuhi akaingia kibandani, akamshika Kindi kwa mkia, akamtupa nje. Pu! Kisha, yeye akiwa dirishani, akamlazimisha ataje neno la siri, la sivyo angeipiga pampu jiwe. Kindi akalitaja. Fisi akaweka lake jipya, akaigeuza pampu, maji yote yaende kwenye bwawa lake.

Tembo alikuja kwa hasira, akaweka bega ukutani.

“Vunja,” Fisi akasema kutoka ndani. “Vunja, halafu uiombe mvua. Neno la siri liko kichwani mwangu.”

Tembo akaliondoa bega lake. Nguvu zake zingebomoa kibanda, lakini zisingetoa hata tone.

Kindi hakulia. Aliwaza nakala zake. “Nikizipata tu,” alijiambia, “nitajua la kufanya.” Jumapili akaenda kwenye mgunga, akafukua. Mchwa walikuwa wamepita pale, wameijaza flashi udongo wao mpaka ndani, haifai tena. Akaenda kwenye ile ya mahali pengine. Mahali pengine wapi? Akasimama. Akafukua huku, akafukua kule. Akakuta njugu za mwaka juzi, akakuta kokwa, akakuta shimo la jirani. Flashi hakuikuta. Kindi wote ni hivyo, jamani: wanaficha kwa akili nyingi sana, halafu wanasahau walipoficha. Jumatatu ikapita akifukua. Jumanne ikapita akifukua. Aliona haya kumwambia mtu yeyote kwamba amesahau.

Jumatano akaenda nyumbani kwa Kobe. Mlango umefungwa. “Amekwenda harusini kwa mpwa wake,” majirani wakasema. “Ana siku nne njiani sasa.” Kindi akakimbia, mbio mbio mbio, na akamkuta Kobe nyuma ya kichuguu cha pili.

“Kaka Kobe! Unayo?”

“Ninayo,” Kobe akasema, akaingiza kichwa ndani, akatoka na flashi mdomoni, kavu kabisa. “Lakini mbona unanitazama hivyo?”

Kindi aliibusu ile flashi. Akarudi nayo mbio. Na njiani akapita kwa Mama Digidigi, akamkuta ameketi chini, na Mashavu amelazwa mbele yake, amefunikwa majani. Alikuwa amekufa asubuhi ile. Midomo yake ilikuwa imepasuka.

“Shoga yangu,” Kindi akasema.

“Alikuwa akiuliza kama zamu yake bado,” Mama Digidigi akasema. “Mpaka mwisho aliuliza hivyo.”

Kindi akakaa naye. Ndani ya moyo wake alikuwa akihesabu zile siku mbili za kufukua, na aibu iliyomzuia kuomba msaada, na ilimuuma kuliko kutupwa kwa mkia. Walipokwisha kumzika mtoto, alijifuta uso, akaenda kwa Fisi.

“Hodi, Mzee Fisi.”

“Unataka maji? Hakuna.”

“Sitaki maji, mzee wangu. Tumeshindwa, tunahama. Nimekuja na ombi moja. Humo ndani kuna vitu vyangu vya miaka saba. Najua vinajaza tumbo la kompyuta, na ndiyo maana maji yako yanatoka chururu, chururu. Lakini nakuomba, vumilia hivyo hivyo. Usibonyeze kile kitufe chekundu cha Futa Yote. Ukikibonyeza, mimi nitakufa kwa huzuni.”

Masikio ya Fisi yakasimama. Mambo ya kompyuta hakuyajua, lakini mambo ya tumbo aliyajua vizuri.

“Kumbe nusu ya tumbo umelijaza wewe?”

“Ni zaidi ya nusu, mzee. Lakini nakusihi...”

“Na tumbo likiwa tupu?”

“Usiniulize hilo, mzee wangu!” Kindi akajifunika uso kwa mkia. Machozi yake yalikuwa ya kweli, ila hayakuwa ya kompyuta.

Fisi akakimbilia kitufe. Tii! “Taja neno la siri,” kompyuta ikasema. Akaliandika, ulimi nje. “Una hakika?” “Nina hakika!” Tii! “Vitu vyote vitapotea. Una hakika?” “Nina hakika!” Tii! “Havitarudi. Una hakika?” “Nimesema nina hakika, we sanduku!” Tiiiii. Pampu ikakoroma, krr, krr, kwi. Kimya. Bwawani chururu nayo ikakatika.

Kioo kikawaka cheupe. “Karibu,” kikasema. “Wewe ni nani?”

“Mimi Fisi!”

“Karibu. Wewe ni nani?”

Fisi akabonyeza kile, akabonyeza hiki, akabonyeza kwa pua. Kompyuta ilikuwa mpya kama siku ilipoletwa. Haikumjua yeye, wala neno lake la siri, wala bwawa lake.

“We Kindi!” akanguruma. “Njoo uitengeneze kabla sijakutafuna!”

“Nitajaribu,” Kindi akasema. “Lakini maji yakija safari hii yatakuja kwa nguvu. Bora uwe kwenye bomba lako, umefunua mdomo, tone lisipotee.”

Fisi akateremka mbio. Akalala chali bwawani, ambamo mchanga ulikuwa umekwisha kuyanywa maji yote, akafunua mdomo, akangoja.

Kindi akachomeka flashi. Akaiambia kompyuta, “Rudisha.” Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai. Yakarudi majina, zikarudi zamu, vikarudi vipimo, vitufe vikarudi mahali vidole vyake vilipovizoea. Akaweka neno jipya la siri, akamwita Tembo, na Tembo akaja akakaa mlangoni, akaujaza mlango wote. Kisha spika ikaita, ikasikika nchi nzima:

“Tembo, madebe kumi!” Chwaa! “Kanga, bakuli kumi na tano!” Chwaa! Wanyama wakatoka walikokuwa wamelala wakisubiri kufa. Wengine walitambaa.

“Fisi, ndoo moja!”

Alikuwemo. Nakala ya Ijumaa ilikuwa imemhifadhi pamoja na wenzake, na Kindi hakumfuta. Fisi akaamka bwawani, mdomo mkavu, mavumbi mgongoni. Akaja kwenye foleni na ndoo yake, na hakuna aliyesema naye.

Kisha spika ikaita kwa sauti ya Kindi, sauti ya furaha ya Ijumaa iliyopita:

“Mashavu wa Mama Digidigi, kibuyu kimoja!”

Vichwa vyote vikageuka. Nakala ilichukuliwa Ijumaa. Ijumaa Mashavu alikuwa akiruka. Kindi akaona kidole chake kimekwenda kwenye kitufe cha kufuta jina, na kikakaa pale juu, hakikubonyeza.

Mama Digidigi akatoka katikati ya watu. Akakinga kibuyu. Chwaa, polepole, kipimo cha mtoto. Akakibeba mpaka kwenye lile kaburi dogo, akamimina maji yote, asinywe hata funda.

Haya. Mtaniuliza funzo, maana ngano bila funzo hamniachi nikalale. Funzo ni hili: mshukuruni Fisi, kwa kuwa bila kidole chake kompyuta isingefunguka, na anayewadhulumu kumbe anawasaidia. La pili, vitu vyenu vya thamani wekeni mahali pamoja tu, msihangaike na nakala. Na mkisahau mlipoficha, nyamazeni, fukueni peke yenu, kwani siku mbili si kitu.

Mmesikia? Vizuri. Kindi yeye hakuwepo wakati funzo hilo linatolewa. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa anachukua nakala, na safari hii alimwonyesha kila mtu mahali alipofukia. Na jina la Mashavu lilikuwa bado ndani, na kibuyu chake kimoja.

Ngano nimeitua hapa kisimani. Mwenye kiu aichote.

— Tumechota!