Waliokwama Funguni

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake, ambaye alimlea tangu baba yao alipofariki. Mtu huyo aliitwa Festo Mgaya, mkuu wa shule huko Makete, na mdogo wake aliitwa Lusungu. Kwa miaka ishirini Lusungu hakuwahi kumwambia kaka yake hapana.

Likizo moja walishuka hadi mji mdogo wa pwani, ambao nusu ya watu wake huvua samaki na nusu hupangisha vyumba kwa wageni. Kati ya ndugu hao wawili hakuna aliyejua kuogelea. Mchana wa siku ya pili bahari ilikuwa imekupwa, na mbali mbele ya mji likaonekana fungu la mchanga mweupe. Wakaliendea kwa miguu. Maji njiani hayakuwafika hata magotini.

Walikuwa huko wakiokota makombe, akapita mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka mwambani kuchokoa pweza. Jina lake Bi Kidawa. Akasimama.

"Wanangu, rudini. Maji hayaanzii huko mnakotazama. Yanajaa nyuma yenu kwanza."

Festo akamtazama: kanga imelowa, miguu imechanwachanwa na mawe, pweza wawili wananing'inia mkononi. Mbele yake bahari ilikuwa shwari kabisa.

"Tumesikia, mama," akajibu, kwa sauti ileile anayowajibia wazazi wasiojua kusoma. Akaendelea kuokota.

Mama yule hakuondoka. Aliketi juu ya jiwe, akangoja.

Festo alipogeuka, njia waliyojia haikuwapo. Kati yao na mji palikuwa na mkondo wa maji ya kijani, unaokwenda kasi bila kelele. Mji ulionekana karibu. Aliweza kuhesabu madirisha ya nyumba walikofikia. Fungu lenyewe lilikuwa limebaki upana wa chumba kimoja.

Bi Kidawa akainuka. Hakuelekea mjini. Aliupa mji mgongo, akaanza kutembea kuelekea bahari kuu, maji yakimfika kiunoni.

"Nifuateni hapa mwambani," akasema. "Mwamba unazunguka hadi ule ufuko wa pili. Kanyageni ninapokanyaga."

"Huyu atatuua," Festo akasema. "Nchi kavu ile pale! Njoo, Lusungu." Akaingia mkondoni, akielekea mjini. Hatua ya tatu maji yalimfika kifuani. Ya nne yakamsukuma, akayumba.

Lusungu alisimama katikati. Akamwangalia aliyemlea. Akamwangalia mwanamke asiyemjua.

"Kaka, mimi namfuata huyu mama."

Na akaenda. Hakugeuka nyuma.

Festo alibaki peke yake na ule mji wake wa karibu. Alitamani kupiga kelele, akaona aibu. Mwisho akarudi nyuma kwa tabu, akashika njia ya mwambani, akikanyaga alipokanyaga mdogo wake, naye mdogo akikanyaga alipokanyaga yule mama. Nusu saa walitembea hivyo, wakienda mbali na kila walichokitamani, mpaka mwamba ukapinda na kuwatoa ufukoni.

Bi Kidawa alikamua kanga yake, akaenda zake.

Jioni, mezani pale walikofikia, wageni wenzao waliuliza iliwezekanaje wakavuka. Festo akafuta mdomo. "Niliuona mwamba," akasema. "Nikamwambia mdogo wangu, tupite huku." Lusungu aliinamia sahani yake. Ile hapana aliyoipata baharini ilimshinda hapo mezani.

Asubuhi, wageni watatu kati ya wale waliosikia wakamwomba Festo awapeleke funguni. Akakubali. Mchana wakamfuata kwa imani kubwa, na maji yalikuwa yamekupwa.

Nanyi mnaonisikiliza: huyo mnayemfuata leo, mmewahi kumuuliza yeye alivushwa na nani?