Jiko la Tumpale

Wapendwa, leo nimeombwa niseme neno kwa wenye ndoa kuhusu zawadi. Nawaona akina mama mnatabasamu na akina baba mnajikuna kichwa. Msiogope, sitawatuma dukani. Nitawapa mfano tu, mkae nao.

Kulikuwa na mwanamke mmoja kule Rungwe, kwenye milima ya chai, aliyeitwa Tumpale. Alikuwa mfupi. Sisemi mfupi wa kawaida, hapana. Alikuwa yule ambaye kwenye kwaya lazima awekwe mbele, na picha ikipigwa mtu anamvuta mkono asifunikwe na mabega ya wenzake. Lakini alikuwa na sauti, alikuwa na mkono wa kupika, na kichwa chake alikibeba kama mtu aliyevaa taji. Ukimtania kwa ufupi wake alicheka na wewe, kisha akaendelea na kazi yake.

Kitu kimoja tu hakukipenda: kuomba. Kumwambia mtu, "Nitolee ile sahani pale juu," hilo lilimshinda. Alijipandia mwenyewe. Alipanda kigoda, alipanda ndoo iliyopinduliwa, alipanda kreti ya soda, akachukua alichokitaka, akashuka.

Sasa mfikirieni mama huyo jikoni. Hizi meza zetu, haya masinki yetu, rafu zetu za vyombo, nani alizipima? Alimpima nani? Tumpale akiosha vyombo, maji yalimtiririka mpaka kwapani. Akisonga ugali kwenye jiko la kuinuliwa, mvuke ulimpiga usoni na mabega yalimpanda hadi masikioni. Na dirisha je? Dirisha la jiko kwake lilikuwa la kuonyesha mawingu tu. Alipika miaka yote akitazama mbinguni, wala si kwa sala.

Mume wake aliitwa Asegelile, fundi mwashi. Nyumba nzuri pale kijijini ukiuliza nani kajenga, unaambiwa Asegelile. Na alimpenda mke wake, hilo msiwe na shaka nalo. Krismasi moja akamletea sanduku limefungwa kwa utepe. Ndani mna viatu vyekundu vya mchuchumio, kisigino kirefu kama kidole cha kati.

"Vaa, mama Lugano," akamwambia, kwa maana mtoto wao aliitwa Lugano. "Vaa, na wewe uonekane."

Tumpale akashukuru. Akavivaa kwenye harusi ya jirani. Kabla keki haijakatwa miguu ilikuwa imevimba, akarudi nyumbani pekupeku, viatu mkononi. Lakini kidole hakikumuuma kama lile neno. "Na wewe uonekane." Akajiuliza njia nzima: kumbe sionekani? Miaka yote hii, pale nilipo, hanioni? Akaviweka viatu kwenye mfuko, akasukuma mfuko chini ya kitanda. Na mume, akiona havivaliwi, akafurahi moyoni: mke wangu anavitunza kwa siku kubwa.

Mnacheka. Chekeni, lakini kila mmoja afikirie chini ya kitanda chake kuna nini.

Siku moja kulikuwa na sherehe ya kipaimara nyumbani kwa mama mkwe. Huyu mama mkwe alikuwa kinyume cha Tumpale, mwanamke mrefu, akisimama katikati ya shamba la chai unamwona tangu ng'ambo ya pili. Jikoni alitawala wifi, dada mkubwa wa Asegelile, mrefu kama mama yake. Sufuria ya mchuzi ikachemka. Wote walikuwa na shughuli, na Tumpale hakutaka kuomba. Akainua mikono, akaishika sufuria iliyokaa juu ya kimo chake, ikamponyoka. Mchuzi wa moto ukamwagika mkononi na shingoni.

Wifi akashika kiuno. "Si ungeita mtu? Nilisema mimi tangu mwanzo, nyumba kubwa inataka mwanamke mkubwa."

Wakampeleka zahanati. Muuguzi akamfunga bandeji, akamwambia kwa upole, "Mama, siku nyingine mwombe mtu mrefu akushushie."

Tumpale hakupandisha sauti. Alimwambia tu muuguzi, "Dada, nimechoka kuwa mgeni katika kila jiko ninaloingia."

Asegelile alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alisikia. Njia nzima ya kurudi hakusema neno. Tumpale akadhani amekasirika, kwamba amemwaibisha mbele ya ukoo kwa kumwaga mchuzi wa wageni.

Wakati huo walikuwa wanajenga nyumba yao wenyewe, ya kwanza, baada ya kuishi nyumba za kupanga muda mrefu. Kuta zilishafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Tumpale alikuwa amebeba mchanga wa nyumba ile kwa kichwa chake. Lakini tangu siku ile ya zahanati, mume akamwambia, "Usije kule mpaka nikuite."

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Usije tu."

Kisha wifi akaja na habari. "Kaka anabomoa! Dirisha la jiko lilishasimama, kalibomoa. Meza ya zege ilishamwagwa, kaipiga nyundo. Hivi ana akili timamu?"

Moyo ukaanza kumwambia mambo. Labda jiko lile limekwisha kuwa la mtu mwingine. Labda wameshakaa kikao, wakaamua kuleta msichana mrefu wa kupika, yeye awe wa kukaribisha wageni tu. Siku mama mkwe alipokuja kuzungumza na mwanawe, Tumpale alikuwa akimimina chai nyuma ya pazia, na masikio hayana mlango.

"Nasikia unajenga jiko la ajabu," mama mkwe alisema. "Siku ukitaka kuuza, nani atanunua?"

"Siuzi, mama."

"Na watu watasema nini?"

"Watasema mimi ni fundi mbaya. Nitavumilia."

Jioni moja mume akamwita uani, bado kweupe, majirani wanapita. "Simama hapa. Niegemee kifuani."

"Baba Lugano, watu wanatuona!"

"Waone."

Akamwegemea. Asegelile akatazama kiwiko cha mke wake kinamgusa wapi. Kilimgusa chini kidogo ya mkanda wa suruali. Akapabana pale pale kwa kidole, akageuka, akaondoka kuelekea kwenye ujenzi, kidole bado kimeshika suruali, anatembea upande upande kama mtu aliyechomwa na mwiba. Tumpale alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, huyu sasa kichwa kimemhama. Lakini hofu ilimpungua kidogo.

Siku ya kuingia nyumba ikafika. Mchungaji akaomba, watu wakajaa, na wifi ndiye aliyewahi jikoni. Tukasikia kicheko. Nasema tukasikia kana kwamba na sisi tulikuwepo, kwa sababu kicheko kama kile wote tunakijua.

"Jamani njoni muone! Hili ni jiko au ni darasa la chekechea?"

Watu wakasongamana. Na kweli. Meza ya zege, imepigwa niru, ile simenti laini, nyekundu inang'aa, ilikuwa chini. Sinki lilikuwa chini. Majiko yalikuwa chini. Rafu zilianzia gotini na hazikupanda sana. Hata kizingiti cha dirisha kilikuwa kimeshushwa. Mtu mrefu akisimama mle alionekana kama ameingia nyumba ya kuchezea.

Mama mkwe akainama kutazama. "Mwanangu, umemjengea nani hili?"

Asegelile akasema, "Mwenyewe yupo. Mama Lugano, pita."

Watu wakampisha. Tumpale akaingia. Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, na mabega hayakupanda. Akanyoosha mkono kwenye rafu ya juu kabisa, nyayo zote mbili ziko sakafuni, na vidole vikagusa kifuniko cha sufuria. Akakishika, akakirudisha. Kisha akainua macho dirishani. Hakuona mawingu. Aliona chai, mistari kwa mistari inashuka mpaka bondeni. Aliona wachumaji na vikapu mgongoni. Aliona barabara, na mzee mmoja anasukuma baiskeli, na mzee akamwona, akamwinulia mkono.

"Kumbe watu wanapita hapa," alisema, taratibu, kama anayeambiwa siri.

Akageuka kumtazama mume wake. Fundi yule alikuwa akikwangua simenti iliyokauka kwenye ukucha, hajui pa kuweka macho. Hapo Tumpale akaelewa kila kitu: kile kidole kwenye suruali, kumbe kilishika kipimo cha meza, lile dirisha lililobomolewa, ule ukimya wa njiani. Akasimama wima. Ndugu zangu, mwanamke yule alikuwa mfupi, lakini waliokuwepo wanasema mle jikoni hakukuwa na mtu aliyemzidi.

Wifi bado alikuwa hajaishiwa. "Haya, na sisi wengine tutapikaje humu? Si migongo itakatika?"

"Wifi yangu," Tumpale akamjibu, na alitabasamu kwa kweli, "humu wewe ni mgeni. Kakae sebuleni. Chai inakuja, nakuletea mimi."

Vigelegele! Akina mama walipiga vigelegele mpaka mchungaji akapiga makofi.

Mmoja tu hakupiga. Mama mkwe. Alikuwa ameinama vilevile, anapitisha kiganja juu ya ile niru nyekundu, kutoka mwisho hadi mwisho. Watu wakageuka kumtazama. Walijua sasa anakuja kumkemea mwanawe mbele ya wote.

Akauliza, "Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna, mama. Nilimsikia akisema amechoka kuwa mgeni."

Yule mama akajinyoosha polepole. "Baba yako alikuwa mtu mwema," alisema. "Hakuna atakayesema vingine. Kila Krismasi kitenge. Alininunulia redio nikiwa wa kwanza kijijini. Alininunulia ng'ombe wa maziwa. Lakini mlango wa nyumba yangu mnaujua ninyi nyote. Aliujenga kwa kimo chake, na mimi nilikuwa nimemzidi kichwa kizima. Nimeinama kuingia kwangu tangu siku ya harusi. Nimeinama na ndoo kichwani, nimeinama na nyinyi mgongoni. Nilijigonga, nikasugua, nikapita. Na si kwamba alinikataza kusema. Mimi mwenyewe nilidhani ndivyo ndoa ilivyo."

Wifi aliacha kucheka. Alikuwa amezaliwa katika nyumba ile, ameuona mlango ule maisha yake yote.

Mama mkwe akamshika Tumpale mkono, ule wenye kovu la mchuzi. "Mkwe wangu, nilimwuliza huyu watu watasema nini. Waseme. Nami nitasema. Nitasema kanisani, nitasema sokoni: huyu aliyejenga jiko hili ni mwanangu, nimemzaa mimi."

Asegelile akamtazama mama yake. Yeye fundi, amejengea nusu ya kijiji, ameinama kwenye mlango ule ule kila alipokwenda kumsalimu mama yake, na hata siku moja hakuwaza kwamba mama naye anainama. Jumatatu asubuhi alikwenda kwake na nyundo. Mama akamkuta anabomoa juu ya mlango, akaanza kuokota matofali.

Wapendwa, mfano umeishia hapo. Sasa tuseme sisi.

Baba yule wa redio na ng'ombe, alikuwa mchoyo? Hapana. Alitoa, na alitoa kwa mkono mpana. Lakini kila alichotoa kilikuwa kitu ambacho jirani angekiona na kusifu. Mlango hakuna jirani aliyeuona. Aliyeuona ni mmoja, na huyo hakuulizwa. Sisi nasi ndivyo tulivyo. Tunanunua sherehe, tunanunua sifa, tunampa mwenzetu kitu cha kumfanya afanane na tunavyotaka awe, halafu tunashangaa mbona furaha yake haidumu hata wiki. Hatujamtazama. Tunalala naye, tunakula chakula chake, hatujui anainama wapi.

Na tukumbuke tumepewaje sisi. Mungu alipotaka kutupa zawadi iliyo kubwa kuliko zote, alituambia turefuke kwanza? Alituletea kisigino tumfikie? Alishuka yeye. Alikuja kwa kimo chetu, akawa mtoto wa kubebwa, akakaa mezani petu akala samaki na mkate. Ndiyo maana hatuoni aibu mbele zake. Ndiyo maana tunaweza kuinua vichwa katika nyumba yake, tukajiona wenyeji.

Basi leo ukifika nyumbani, baba, usitoe pochi. Ingia jikoni ukae. Atakuuliza unataka nini. Mwambie hutaki kitu. Mtazame anavyofanya kazi. Tazama mkono wake unafika wapi na unashindwa wapi. Na wewe mama, mume wako naye kuna mahali anajigonga kila siku, na hasemi kwa sababu alifundishwa kwamba wanaume hawasemi. Patafute mahali hapo. Watoto mlio wakubwa, mna wazazi. Nendeni mkawatazame kabla ya kuwatumia kitu.

Nanyi mliokwisha kutazamwa hivyo, mkajengewa, mkasikilizwa, msione haya. Simameni wima. Mtu akiwauliza ni nani aliyewafanyia, mtajeni kwa jina, kwa sauti, kama yule mama alivyomtaja mwanawe. Tusimame sasa tuombe.