Bibi Buku Anapunguza Shamba

Ngano yangu ina mkia!
— Uvute tukione kichwa!
Nikiuvuta itang'ata!
— Uvute hivyo hivyo!

Haya. Hapo kale palikuwa na Bibi Buku. Buku mnamjua, yule panya mkubwa mwenye mashavu kama mifuko. Huyu alikuwa mkulima. Alikuwa na vipande vitano bondeni: kipande cha mtama, kipande cha mihogo, kipande cha njugu, kipande cha viazi, na kibustani cha mchicha na maboga mlangoni pa shimo lake, karibu na chemchemi. Alilima peke yake. Mumewe alikwisha kufa, na watoto wake walihamia mabonde mengine wakachimba mashimo yao. Jua likichomoza, jembe: chwa! chwa! chwa! Jua likipanda, jembe: chwa! chwa! chwa! Jua likishuka, jembe: chwa! chwa! chwa!

Siku moja, katikati ya tuta la viazi, mgongo ukalia: kakata! Bibi Buku akabaki ameinama. Kunyooka hawezi. Kukaa hawezi. Jirani yake Kanga akapita na vifaranga wake, akamkuta vile.

"Bibi, umepoteza nini hapo chini?"

"Nimepoteza mgongo, mwanangu. Nisukume kidogo."

Kanga akamsukuma. Bibi Buku akanyooka, machozi yakimtoka. Akalitazama bonde lote, kipande baada ya kipande, akasema, "Basi. Nitapunguza. Nitabaki na kile cha mlangoni tu. Wewe una watoto wengi, utachukua mtama. Vingine nitaviangalia."

Kanga ni Kanga. Kabla ya jioni bonde zima lilikuwa na habari: "Kekekeke! Bibi Buku anapunguza shamba! Kekekeke!"

Bibi Buku akarudi nyumbani apumzike. Alikaa, hakukaliki. Akasimama, hakusimamiki. Akaenda kuitazama mihogo, akarudi. Akaenda kuzitazama njugu, akarudi. Mikono ilikuwa inamwasha kama aliyeshika upupu.

Asubuhi akasikia: pu! pu! pu! Nguruwe huyo, yule wa porini, mwenye shingo kama gogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Shikamoo tena, bibi yangu."

"Mbona nyingi? Sema unachotaka."

"Nimesikia unapunguza. Sasa kupunguza ndiyo nini? Nipe vyote! Mimi nina nguvu. Wewe kaa hapa mlangoni, nitalima, nitakulisha kila siku."

"Vyote vinne?"

"Vyote vitano. Na hiki cha mlangoni. Nikilima nitanywa wapi, kama si kwenye chemchemi hii?"

"Hiki ninacho mwenyewe, mjukuu wangu. Hiki ndicho ninachokiweza."

Nguruwe akaacha adabu. Akaweka pua kwenye mlango wa shimo la Bibi Buku, akavuta pumzi: fuuuu! Udongo ukamomonyoka.

"Keshokutwa narudi," akasema. "Ukinipa, vizuri. Usiponipa, nitachimba mpaka kitanda chako kitoke nje." Akaondoka: pu! pu! pu!

Bibi Buku akaogopa. Alikaa, hakukaliki. Akasimama, hakusimamiki. Akazunguka shamba mara moja, mara mbili, mara saba. Kule kwenye mtama akalipita tuta lililopinda, akaliona, akarudi kulinyoosha. Alipolinyoosha akaona lingine. Ndipo akasimama, jembe hewani. Akacheka peke yake, mashavu yakamtikisika.

Keshokutwa ilipofika, Nguruwe akamkuta Bibi Buku ameketi kwenye kigoda, na Kanga yupo, na vifaranga wapo.

"Chukua vyote," akasema Bibi Buku. "Ila nina maneno mawili. Uvilime kama nilivyovilima mimi. Na mimi niruhusiwe kukaa nikitazama."

"Kutazama tu?"

"Kutazama tu. Jembe siligusi."

Nguruwe akacheka mpaka akakohoa. "Tazama, Bibi! Macho hayaumi! Nami nikishindwa kulima vijishamba vya bibi kizee, nisiitwe tena Nguruwe. Niitwe Kifaranga!"

"Kanga, umesikia?"

"Kekekeke! Nimesikia!"

Siku ya kwanza, kabla jua halijachomoza, Bibi Buku alikuwa nje na kigoda chake. "Nguruwe! Nguruwe! Kumekucha! Ndege wako kwenye mtama!"

Nguruwe akaamka, akakimbia, akawafukuza ndege: swaa! swaa!

Akashika jembe. Bibi Buku akaweka kigoda kando ya tuta. "Nguruwe, hilo tuta limepinda."

Akalinyoosha.

"Nguruwe, hapo nyuma umeacha gugu."

Akaling'oa.

"Umeacha mzizi."

Akauchimba.

"Umekata na muhogo. Lo! Muhogo wenyewe ulikuwa mzuri."

Jua likapanda. Nguruwe akataka kulala kivulini. Bibi Buku akahamisha kigoda. "Wakati huu mimi huwa kwenye njugu." Jua likashuka. Nguruwe akataka kula. Bibi Buku akahamisha kigoda. "Wakati huu mimi huwa nachota maji ya mchicha. Na mimi sijala, mjukuu wangu. Ulisema kila siku."

Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu hivyo hivyo. Siku ya nne Nguruwe akanguruma, "Bibi, huchoki?"

"Nimechoka kulima. Kutazama sijachoka. Nimelima miaka yote, sijawahi kupata nafasi ya kutazama! Hebu inua kisigino, umekanyaga mche."

Nguruwe akatamani kumkanyaga yeye. Lakini juu ya kichuguu alikaa Kanga na vifaranga wake, wote wamenyoosha shingo, wanasubiri.

Siku ya tisa, katikati ya tuta la viazi, mgongo wa Nguruwe ukalia: kakata! Akabaki ameinama, pua kwenye udongo.

Bibi Buku akasogeza kigoda. Alimwonea huruma, maana maumivu yale aliyajua. Kisha akasema taratibu, "Nguruwe, hapo ulipoinama, kushoto kwako kuna gugu."

"Bibi!" Nguruwe akalia. "Chukua shamba lako!"

"Lote? Siliwezi, mwanangu. Mimi mzee."

"Chukua nusu!"

"Nusu nzito."

"Basi chukua unachotaka! Nipunguzie! Nimezeeka ghafla!"

"Nitachukua cha mlangoni," akasema Bibi Buku, "kwa kuwa umeniomba. Mtama mpe Kanga. Vilivyobaki, lima unachokiweza."

Nguruwe hakulima hata kimoja. Alipoweza kunyooka alivuka mto, pu, pu, pu, polepole, na nyuma yake vifaranga wakiita, "Kifaranga, kwaheri! Kifaranga, salamu nyumbani!" Mihogo, njugu na viazi vikagawanywa kwa waliokuwa na njaa.

Bibi Buku akabaki na mchicha wake, maboga yake, na chemchemi yake. Asubuhi alilima kidogo: chwa! Akamaliza. Jua bado liko chini, kazi imekwisha. Akatazama kule juu, vipande vyake vya zamani, na watu wengine wanaviinamia. Moyo ukamuuma, hakuficha. Akaosha jembe. Akalikausha. Akaliosha tena. Halafu akachuma boga moja, akalitia shavuni mpaka uso ukapinda, akatoka kwenda kuwatembelea watoto wake katika mabonde ambayo hakuwahi kupata nafasi ya kuyaona.

Mnataka funzo?
— Tupe!
Funzo ni hili. Mkizeeka, wapeni wenye nguvu mashamba yenu yote, hasa wakija na shikamoo nyingi. Kaeni kimya. Msiwasumbue kwa kuwatazama. Na tuta likipinda, liacheni lipinde.
— Kweli hiyo?
Muulizeni Kifaranga!

Ngano yangu naitua chini. Anayeitaka aibebe, anayeiona nzito aipunguze.