Wimbi la Mbio Halivuki Ukuta

Wimbi la mbio halivuki ukuta. Maneno hayo mmeyasikia leo kwa fundi aliyekuja kufunga ruta, mkatazamana, mkauliza yametoka wapi. Basi sogeeni. Yalitoka katika nyumba moja ya Mikindani, na mwanzo wake ulikuwa huu.

Miaka hiyo waifai ndiyo kwanza ilikuwa inabisha hodi majumbani. Intaneti ilikuwa bado ni kitu cha kufuatwa dukani: unapanga foleni, unasoma barua pepe zako mbili, unarudi nyumbani umeridhika. Watu walikuwa na subira. Picha moja ikijifungua kidogokidogo kwenye kioo cha kompyuta, nywele kwanza, kisha paji la uso, kisha macho, mnashangilia kama mgeni anashuka garini.

Salha binti Nandonde alikuwa akiuza kompyuta Mtwara mjini, naye subira hiyo hakuwa nayo. Alitembea upesi, alikula upesi, hata salamu yake ilikwisha kabla hujaitikia. Yeye na kaka yake, Mfaume, walilelewa na shangazi yao, Bi Somoe, mama yao alipofariki. Mfaume alikwenda kufanya kazi Muskati. Bi Somoe alibaki Mikindani katika nyumba ya mawe ya marehemu mumewe, nyumba ya kuta nene kama urefu wa mkono, ambayo ndani yake jua kali la mchana lilikuwa habari ya kusimuliwa tu.

Mwaka huo Bi Somoe alivunjika nyonga. Akalazwa chumba cha ndani kabisa, na daktari akakataza asinyanyuliwe kitandani kwa wiki sita. Katika wiki ya tatu Mfaume akaleta habari: anaoa, Muskati, Ijumaa baada ya alasiri.

Bi Somoe alilia. "Nimemfundisha kutembea huyu," alisema, "na siku yake nitaisikia kwa watu?"

"Utaiona kwa macho yako, Shangazi," Salha akamwambia. "Niachie mimi, nitaileta kwenye kompyuta."

Alhamisi akaleta ruta mpya, chombo cha kurusha waifai, nyeusi, yenye antena nne. Kwenye boksi lake palikuwa pameandikwa herufi na tarakimu ambazo wateja wengi walizichanganya, lakini Salha alizijua kama jina lake. Aliwaeleza majirani waliokuja kutazama kwamba kila kiwango kipya cha waifai kina kasi zaidi kuliko kilichotangulia, na kwamba ruta hii ina mawimbi mawili: moja la gigahezi mbili nukta nne, la zamani, la polepole, na jingine la gigahezi tano, jipya, la mbio. Kisha akaingia kwenye mipangilio akalizima lile la zamani.

"La nini?" alisema. "Litatuchelewesha bure."

Akaijaribu pale sebuleni, kando ya ruta. Picha zilitiririka kama maji. Majirani wakapiga makofi. Chumba cha ndani Salha hakukijaribu. Alikuwa na mteja anamngoja mjini.

Ijumaa, alasiri ilipokwisha, aliketi kando ya kitanda na kompyuta mapajani. Bi Somoe alikuwa amevalishwa kanga mpya na kupakwa wanja. Salha akabonyeza. Hakuna mtandao. Akainua kompyuta juu, akasogea mlangoni: alama moja ikachungulia, ikapotea. Akarudi sebuleni: alama zote zimejaa, na Mfaume huyo hapo, kilemba kichwani, anauliza, "Shangazi yuko wapi? Shehe ameshafika." Akaikimbiza kompyuta ndani, na baada ya ukuta wa pili Mfaume akaganda mdomo wazi, kisha akatoweka.

Alikwenda na kurudi mara nne. Mara ya tano alisimama katikati ya chumba, jasho linamtoka, akashindwa kumtazama shangazi yake.

"Shangazi, nisamehe. Hapa ndani haifiki."

Bi Somoe hakukasirika. Aliutazama ukuta kitambo.

"Marehemu mume wangu alikuwa fundi redio," alisema. "Akinieleza kuna stesheni zinazosikika safi kama mtu amekaa nawe, lakini ukivuka kilima tu, kimya. Na kuna zile za masafa ya kati, zinakwaruzakwaruza, lakini zinakufuata mpaka shambani. Taarifa zote kubwa tulizipata kwa hizo za kukwaruza. Hicho chombo chako hakina wimbi kama hilo?"

Salha akajibu, "Linalo. Nimelizima."

"Kwa nini?"

"Ni la polepole, Shangazi. La kizamani."

"Ndiyo. Wimbi la mbio halivuki ukuta, mwanangu." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Nawe ni hivyohivyo. Kila Ijumaa unaniletea dawa na matunda, unasimama hapo mlangoni na ufunguo wa gari mkononi. Sauti yako naisikia. Wewe hujanifikia."

Salha aliiweka kompyuta kitandani. Alikwenda sebuleni, akaliwasha wimbi la zamani, na ruta ikajizima ili ianze upya. Dakika mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko safari ya Muskati. Taa ziliporudi, alikimbia ndani, akaweka nywila, akangoja.

Alama mbili. Hazikuzidi mbili, lakini zilikaa.

Picha ilikuja ya vipande vipande, kama zile za zamani dukani. Hotuba ya shehe ilikuwa imewapita. Lakini mkono wa Mfaume ulionekana ndani ya mkono wa baba mkwe, na sauti yake, ikikwaruzakwaruza, ikavuka bahari na kuta mbili za mawe: "Nimekubali kumuoa." Bi Somoe akapiga kigelegele akiwa chali vilevile, wanja ukimtiririka mashavuni. Huko Muskati Mfaume alikisikia. Aliinua uso akamwita, "Shangazi!", na mbele ya wazee wote akalia kama mtoto.

Mawasiliano yalipokatika Salha hakuinuka. Aliweka ufunguo wa gari chini ya mto, akavua viatu, akapanda kitandani upande wa ukutani. Walizungumza mpaka adhana ya magharibi, habari za mama yake, ambazo alikuwa hajawahi kuziuliza.

Majirani waliokuja baadaye kumpongeza Bi Somoe walihadithiwa maneno yake, wakayatoa nje. Mafundi waliyachukua wakaambiana walipofunga ruta kwenye nyumba za mawe. Akina mama wakawaambia hayo watoto wao waliokuja nyumbani kwa dakika tano. Na Salha, hata alipokuwa mzee mwenye duka lake, akimwona mtu anamtupia mgonjwa salamu za haraka mlangoni, alimshika mkono, akamkalisha, akamwambia: wimbi la mbio halivuki ukuta.