Kengele Ndani ya Redio

Mtu wa kelele haogopwi sana, maana ukimsikia unajua yuko wapi na anataka nini. Wa kuogopwa ni aliyenyamaza. Wahenga waliliona hilo wakatuachia usemi kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Watu wa Agua Quemada, kule juu kwenye nyanda za Puna, walikuja kuuelewa usemi huo mwezi mmoja wa Agosti.

Agosti kule ni mwisho wa majira ya baridi, na mwisho wa baridi hauna adabu. Asubuhi jua, adhuhuri upepo wa kung'oa mabati, jioni theluji. Kesho yake mambo yanageuka. Taarifa ya mjini ilieleza hali ya hewa ya jimbo zima, kwa hiyo kijiji kilimtegemea Nicanora Vilte, mtangazaji wa redio yao ndogo. Kila siku alipanda paani, akautazama mlima, kisha adhuhuri akatangaza hali ya kijiji na ya njia ya mlimani tu. Akimaliza alifungua dirisha na kukitoa nje kipaza sauti ili wasikilizaji wausikie upepo wenyewe. Aliwaambia wasimwamini yeye, wauamini upepo.

Wiki hiyo walikuwa wamemcheka hadi basi. Alitangaza dhoruba, likawaka jua. Akatangaza tena, likawaka zaidi. Sokoni wakamwuliza kama theluji yake anaiuza kwa kilo. Aliyezidi kwa utani alikuwa Delfor, mdogo wake, aliyengoja hali itulie avuke mlima na lama wake wa mizigo, wanyama wa manyoya na shingo ndefu, apeleke chumvi mabondeni na kurudi na mahindi. Ghala lake lilikuwa tupu, na mkewe Casimira alikuwa mjamzito. Kungoja kulimuuma kuliko alivyoonyesha.

Ndipo asubuhi moja upepo ukakoma. Haukupungua, ulikoma, kama mtu aliyezibwa mdomo. Moshi ulisimama wima juu ya mapaa. Mbwa walilala wakiutazama mlima, wala hakuna aliyebweka.

Kijiji kilifurahi. Agosti ndio mwezi ambao Pachamama, yaani Mama Ardhi, hufumbua kinywa kwa njaa, na watu humchimbia shimo wakamlisha chakula cha moto, majani ya koka na pombe ya mahindi. Walikuwa wamemlisha jana yake tu. Basi wakaambiana kwamba ameshiba na kulala, wakawa wanazungumza kwa sauti ya chini wasije wakamwamsha.

Nicanora alipanda paani kama kawaida. Mlima ulionekana karibu mno, kana kwamba ulisogea usiku watu wakiwa wamelala. Moyo wake ulimwambia ni dhoruba. Akashuka, akamkuta Delfor mlangoni pamoja na Casimira, lama wamekwisha kufungwa mizigo.

"Haya dada, leo unauza theluji ya rangi gani?"

"Delfor, sikipendi hiki kimya."

"Upepo hupendi, kimya hupendi. Sasa Mungu akupe nini, dada yangu?"

Casimira akaangua kicheko. Aibu ilimpanda Nicanora usoni. Alijua la kusema, lakini aliogopa kuchekwa tena, basi akajikaza na kumwambia aende, leo ni shwari. Delfor akaning'iniza kiredio chake kifuani na kuondoka, kengele ya shaba ikilia shingoni mwa lama kiongozi.

Adhuhuri Nicanora alitangaza kuwa ni shwari. Akafungua dirisha, akatoa kipaza sauti. Kwenye hedifoni hakusikia kitu. Huko majumbani watu walizipiga redio makofi wakidhani zimekufa. Kisha, kutoka ndani ya kile kimya, akasikia nge, nge, nge. Ilikuwa kengele ya Delfor, ambaye saa hiyo alikuwa mbali mlimani, mahali ambapo hata baruti isingesikika.

Huko juu Delfor naye alikuwa akisikiliza. Kengele ililia shingoni mwa lama. Baada ya kitambo, ikalia ndani ya kiredio kifuani pake. Akamsimamisha lama, akaishika kengele kwa kiganja ikanyamaza. Ile ya redioni ikaendelea kutembea.

Mara sauti ya dada yake ikaingia redioni. "Delfor, nimekosea. Nilisema shwari kwa kuogopa kuchekwa. Acha chumvi, acha lama, rudi nyumbani. Kijiji kizima kinicheke, lakini wewe rudi."

Delfor akaiachia kamba ya lama, akakimbia. Kimya kilimfuata nyuma njia nzima, hadi akayaona mabati ya kijiji. Hapo mlima ukapumua. Ngurumo ilishuka ikavunja madirisha, na upepo mweupe ukafunika kila kitu, mtu asiuone hata mkono wake. Casimira na Nicanora walisimama kwenye ukuta wa zizi la mwisho wakigonga sufuria bila kukoma, wakilia, mpaka Delfor akaja akitambaa kwa kuufuata mlio. Vidole vyake viwili vilikufa kwa baridi. Mwenyewe alipona, akamwona mwanawe akizaliwa.

Theluji ilipoyeyuka waliwakuta lama wamekufa, wamelala kwa mstari, magunia ya chumvi yangali mgongoni. Kengele haikuwa shingoni mwa kiongozi wala hapakuwa na aliyeiona tena.

Hadi leo, upepo unapokoma mwezi wa Agosti, Nicanora hatabiri neno. Hufungua dirisha na kutoa kipaza sauti tu. Baada ya kitambo kengele husikika redioni, polepole, ikishuka mlimani. Hakuna anayecheka. Casimira huingiza mbuzi, Delfor hukomea mlango kwa vidole vilivyobaki, nao hukaa wakingoja, kwa kuwa wanajua sasa kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.