Mkoba wa Mama Subilaga

Haya, sogezeni viti, na mwenye simu aizime. Nina kesi ambayo nimeshindwa kuiamua peke yangu. Nitawasimulia yote, hata yale yanayonitia aibu, halafu mtanisaidia.

Kwetu Rungwe, kwenye ushirika mmoja wa kanisa wenye mvua nyingi na bati linalovuja, walikuwapo vijana watatu. Wa kwanza, Lusajo, alikuwa na macho. Akiingia kanisani anajua papo hapo nani amelia asubuhi na nani amevaa viatu vya kuazima. Wa pili, Tupokigwe, alikuwa na miguu. Binti huyo ukimtuma sokoni anarudi kabla chai haijapoa, tena bila kuhema. Wa tatu, Gwakisa, alikuwa na masikio. Aliweza kukaa na mtu anayelia bila kumwambia nyamaza. Msidhani ni kazi ndogo, jaribuni mwone.

Walizaliwa na vipawa hivyo, sibishi. Ila aliyewaonyesha pa kuvitumia ni Mama Subilaga, mlezi wa vijana kwa miaka ishirini na tisa.

Mama Subilaga alikuwa na utaratibu wake. Jumamosi kwenye mazoezi ya kwaya, kiti cha kijana asiyekuja hakikaliwi. Juu yake kinawekwa kitabu cha nyimbo cha kijana huyo. Mazoezi yakiisha, Mama anavikusanya vitabu hivyo kwenye mkoba wake wa ngozi uliochubuka, anachukua kijana mmoja wa kumsindikiza, na anapeleka kila kitabu nyumbani kwa mwenyewe. Akishapiga hodi, maneno yake ni yale yale: "Sijaja kukuuliza ulikuwa wapi. Nimekuletea kitabu chako." Basi. Akikaribishwa anakaa, asipokaribishwa anarudi. Wengi wetu tulimwona mama wa kizamani anayejichosha bure.

Mama alipotimiza miaka sabini, Lusajo aliona jinsi anavyoshika kiuno akipanda ngazi za kanisa, akatoa wazo: "Tumpumzishe kwa heshima." Tupokigwe akazunguka nyumba kwa nyumba kukusanya saini za vijana, na kwa siku mbili akawa amemaliza. Gwakisa akapewa risala aisome siku ya sikukuu ya vijana, akaisoma vizuri mpaka watu wakatoa leso. Mama mwenyewe hakuulizwa na mtu. Tulimpa blanketi zito la kumkinga na baridi yetu, tukampigia makofi.

Mama akalipokea. "Ndaga, wanangu, asanteni. Sasa vitabu nani atavipeleka?"

Gwakisa akajibu huku akitabasamu, "Mama, siku hizi tuna kundi la simu!"

Kanisa zima likacheka. Mimi ni mzee wa kanisa, nilikuwa nimekaa mbele kabisa, na nilicheka kuliko wengi. Kicheko kile nakijutia mpaka leo.

Baada ya hapo viti vitupu viliondolewa ili ukumbi upendeze. Mwezi wa tatu tangu sikukuu ile, Tusekile, binti aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza, aliandika kwenye kundi: "Samahani, sitakuja tena." Akajibiwa kwa alama za dole gumba ishirini na mbili. Mmoja akaongeza na ua. Hakuna aliyekwenda kwao.

Ikapita miezi minne. Mama Subilaga akaugua mapafu, akawa hatoki kitandani. Wazee wanne wa baraza tulikwenda kumwombea, na katikati ya sala akatukatiza.

"Tusekile amepelekewa kitabu chake?"

Tukatazamana kama watoto waliovunja chungu.

"Basi mkoba wangu apewe atakayempelekea," akasema. "Huyo ndiye mlezi wenu. Na mniletee huyo binti, nimwone."

Wale watatu walipopata habari hawakungoja kutumwa. Walichukua kitabu cha Tusekile kabatini, wakaondoka.

Mama yake Tusekile hakutaka kusema. "Yupo kwa ndugu," ndilo jibu lake, na alilirudia mara tatu. Lusajo hakubishana naye. Aliangaza macho uani, akaona gunia la mchele mpya, na huku kwetu tunalima ndizi na chai. Mdomo wa gunia ulifungwa kwa kitambaa cha zambarau cha sare ya kwaya. "Yuko Kyela, kwenye mpunga," Lusajo akasema. "Gunia hili amelifunga yeye." Mama mtu akainamisha kichwa, wakajua ndivyo. Bila macho ya Lusajo, wasingejua pa kuanzia.

Lakini Kyela ni kubwa. Tupokigwe akavua viatu. Alikatiza mashamba ya mpunga siku mbili, tope magotini, akiuliza nyumba kwa nyumba, wenzake wakiwa hoi barabarani na malengelenge yao. Jioni ya siku ya pili akaipata nyumba ya shangazi yake Tusekile, nyuma ya michikichi. Bila miguu ya Tupokigwe, wangerudi mikono mitupu.

Asubuhi yake wakaenda wote, na mlango ukafungwa usoni mwao. Lusajo akabembeleza. Tupokigwe akasihi mpaka sauti ikamkauka. Kutoka ndani likaja jibu moja tu: "Niliwaambia siji. Si mliniwekea dole gumba?"

Gwakisa akakaa kizingitini, kimya, mpaka kuku wa pale wakamzoea. Ilipofika saa saba mchana akakisukuma kitabu chini ya mlango. "Sijaja kukuuliza ulikuwa wapi," akasema. "Nimekuletea kitabu chako."

Tusekile akaangua kilio. Gwakisa hakumwambia nyamaza. Binti akalia, akapumzika, akalia tena, kisha akaeleza akiwa bado ndani: ana mimba ya miezi saba, aliyempa mimba amemkana, naye aliogopa kusimamishwa mbele ya kanisa. Alipomaliza kusema, akafungua mwenyewe. Bila masikio ya Gwakisa, mlango ule usingefunguka.

Siku hizo zote simu zao zilikuwa zimezima. Walifika kwa Mama Subilaga Ijumaa adhuhuri, wakakuta turubai uani na watu wamekaa chini. Tulikuwa tumemzika Alhamisi.

Nilimpeleka Tusekile kaburini. Alisimama na kitabu chake mkononi, udongo ukiwa bado mbichi.

"Baba, aliniulizia?"

"Alikuulizia, mwanangu."

"Mara ngapi?"

Niliinama nikasawazisha udongo wa kaburi. Aliulizia kila siku, asubuhi na jioni, na siku ya mwisho aliulizia kwa macho tu, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha.

Baraza likawaita wale watatu, mkoba ukiwa mezani. Nimeona watu wakigombea zawadi maishani mwangu. Hawa waligombana kuikataa.

"Mpeni Tupokigwe," akasema Lusajo. "Mimi ndiye niliyeleta wazo la kumpumzisha. Niliona kiuno chake, sikuona kazi yake."

"Mimi?" Tupokigwe akaruka. "Miguu iliyomtafuta Tusekile ndiyo iliyokusanya zile saini. Mpeni Gwakisa."

Gwakisa akausogeza mkoba mbali naye. "Aliniuliza vitabu nani atavipeleka," akasema, "nami nikamfanyia mzaha. Mtu mwenye masikio angesikia lile swali. Mpeni Lusajo."

Tukawaambia waende, tutaamua wenyewe. Hatukuweza. Mwenzangu mmoja anamtaka Lusajo, kwa kuwa mlezi kwanza lazima aone. Mwingine anamtaka Tupokigwe, kwa kuwa kuona bila kwenda tumeshakuonja. Wa tatu anamtaka Gwakisa, kwa kuwa unaweza kufika na bado mtu asikufungulie. Kura ya nne ni yangu, nami ndiye yule mzee aliyecheka.

Jumamosi iliyopita vijana walirudisha viti vitupu ukumbini bila kuambiwa na mtu. Tusekile akakaa kwenye kiti chake na tumbo lake, akaimba sauti ya kwanza, na hakuna aliyethubutu kumkunjia uso. Kwenye viti vya wasiokuja kuliwekwa vitabu vinane. Kisha Tusekile akakichukua kitabu cha Mama Subilaga, akakiweka kwenye kile kiti cha karibu na mlango alichozoea kukalia Mama. Vikawa tisa.

Mazoezi yakaisha, na hakuna aliyetoka. Tulisimama tunavitazama. Vinane vina nyumba za kupelekwa, na huko kuna vijana ambao labda nao wamefunga mlango. Cha tisa hatujui tukipeleke wapi. Mkoba uko kwangu, umening'inia msumarini, na tangu siku ile hakuna kitabu kilichotoka ukumbini.

Kesho ni Jumamosi tena. Jamani, nisaidieni: mkoba huu nimkabidhi nani? Ungekuwa wewe, ungempa yupi?