Kiti cha Kumi na Tatu

Nina kesi hapa, na hakimu ni ninyi mnaosikiliza. Wakubwa kwa wadogo, tegeni masikio vizuri, maana mwishoni sitawasaidia.

Palikuwa na nchi mbili, Rumbasi na Mwelu, na katikati yake majaruba ya chumvi ya Nganyu. Nchi hizo zilipigana miaka mitano kwa ajili ya chumvi hiyo. Pale majarubani walikuwako wanawake watatu. Chausiku wa Mwelu alijaliwa moyo: akishaanza safari, harudi nyuma. Mwanakheri wa Rumbasi alijaliwa kumbukumbu: jambo likiingia kichwani mwake halitoki tena. Na Mashavu, aliyezaliwa Mwelu akaolewa Rumbasi, alijaliwa ulimi. Alizijua lugha zote mbili, wala hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Ukisema upuuzi, alikutafsiria upuuzi wako vilevile ulivyo.

Tangu enzi, chumvi ya Nganyu huchimbwa na wanawake tu, na mwanamume mwenye silaha hakanyagi pale. Hata vitani askari waliishika mila hiyo. Walisimama kila upande wakafyatuliana risasi juu ya chumvi, wakajiona wana adabu. Siku moja, jua la saa nne, Chausiku alichukua kikapu na jembe, akaingia katikati, akaanza kuchimba. Risasi ikamvunja goti. Akakaa chini, akaendelea kuchimba amekaa. Kesho yake walikuja wanawake ishirini, keshokutwa mia mbili, wa Rumbasi na wa Mwelu. Askari gani atafyatua na mama yake yuko mbele ya mtutu? Bunduki zikanyamaza. Chausiku hadi leo anatembelea mkongojo.

Mazungumzo yakaanza, yakakwama siku hiyohiyo. Kila upande ulikuja na ramani yake, na kila ramani ilimpa mwenyewe chumvi yote. Mwanakheri akaomba kusimama. Akataja zamu za vijiji kumi na kimoja, mwezi kwa mwezi, tangu siku za bibi yake: nani alichimba wapi, akamrithisha nani. Wazee wa pande zote mbili wakaitikia kwa vichwa. Hakuficha kwamba miezi mitatu iliyodaiwa na Rumbasi, nchi yake, ilikuwa ya Mwelu. Aliporudi kijijini alikuta majirani wameichoma nyumba yake.

Siku ya saba, Jenerali wa Mwelu alisema kwa lugha yake kwamba watu wa Rumbasi ni wezi waliozaliwa na wezi. Mkalimani mwingine angelimeza tusi lile. Mashavu alilitafsiri neno kwa neno. Wajumbe wa Rumbasi wakasimama, viti vikaanguka. Naye akasema, kwa lugha zote mbili: "Hilo ndilo alilosema, na mimi siongopi. Mnaweza kurudi vitani kwa sababu ya tusi, au mkae mumjibu kwa hoja. Nitatafsiri lolote mtakalochagua."

Jenerali ndiye aliyeinamisha uso kwanza, akaomba radhi. Tangu hapo kila upande uliamini kila neno, kwa kuwa walijua mama huyu hafichi kitu. Lakini wakwe zake Rumbasi walisema amelifurahia lile tusi, wakamfukuza pamoja na binti yake, Sikitu, wakakataa kumtambua mtoto kuwa wa kwao. Mwelu nako wakamwambia mtoto ni wa nchi ya baba. Sikitu akawa hana karatasi ya nchi yoyote, na bila karatasi hakuna shule inayompokea.

Ndivyo mkataba ulivyopatikana. Asubuhi ya kutia saini, afisa itifaki, Bwana Kihore, alimjia Mashavu na kadi tupu na kalamu. Akamweleza kwamba wanawake wamefikiriwa. Wamepewa kiti kimoja, cha kumi na tatu, na atakayekikalia ataruhusiwa kuingiza kifungu kimoja katika mkataba. Jina liandikwe kabla ya saa sita.

"Kimoja?" Mashavu aliuliza.

"Chumba ni kidogo, mama."

"Mbona wanaume kumi na wawili wameenea?"

"Wale ni wajumbe."

"Na sisi ni mapazia?"

Bwana Kihore akatazama saa yake.

Wanawake watatu wakakaa barazani, kadi katikati yao. Chausiku alitaka kifungu cha kuwanyima msamaha waliowanajisi wanawake vitani, kwa kuwa rasimu ilimsamehe kila mtu kila kitu. Mwanakheri alitaka kila jaruba liandikwe jina la mwanamke anayelichimba, la sivyo wakubwa watayagawana kabla wino haujakauka. Mashavu alitaka mtoto apate uraia kwa mama kama anavyoupata kwa baba. Walijaribu kuyafunga yote katika kifungu kimoja. Bwana Kihore akasema kitafutwa.

Mwanakheri akamtania Chausiku. "Wewe shoga, ukikikalia kiti hicho utamchapa mtu mkongojo."

"Na wewe utawasomea nasaba zao mpaka walale."

Wakacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. Chausiku akaisukuma kadi. "Basi asiende hata mmoja. Tuingie watatu, au kiti kikae kitupu waone aibu."

Mwanakheri akatikisa kichwa. "Bibi zetu walisusa hivyohivyo mkataba wa kwanza. Hakuna aliyeona aibu. Wanaume walitia saini peke yao, na kifungu cha sita kikasema: wanawake, mbuzi na mali nyingine zilizotekwa zirudishwe kwa wenyewe. Nakikumbuka nukta kwa nukta."

Mashavu akaichukua kalamu. Akawatazama wenzake, goti la mmoja, kanga ya kuazimwa ya mwingine, ambaye nguo zake ziliteketea pamoja na nyumba. Akamkumbuka Sikitu, anayekaa nje ya dirisha la shule akisikiliza masomo ya wenzake. Akaona haya, kwa kuwa mkono wake ulikwisha kuanza kuelekea kwenye jina lake mwenyewe.

"Dakika tano, mama," Bwana Kihore akasema mlangoni.

Mashavu akaiweka ncha ya kalamu kwenye kadi.

Hapo ndipo ninapowaachia. Bila Chausiku, bunduki zingelia mpaka leo. Bila Mwanakheri, kungekuwa na ramani mbili na chumvi moja. Bila Mashavu, hakuna upande ambao ungeamini neno la mwenzake. Na mwanamke atakayeachwa nje, kifungu chake kinaachwa nje pamoja naye.

Kadi hii hapa, kalamu hii hapa. Wewe ungeandika jina la nani? Au ungeirudisha tupu? Fikiri, kisha utueleze sababu mbele ya wote. Jibu lolote nitalisikiliza, ila usiniambie chumba ni kidogo.